Kwa Nini Walutheri Walichelewa Kufika Bwisha

Anayetoka Goma kwenda Rutshuru kwa barabara ya taifa namba 2 hupita Kibumba, Rugari na Rumangabo kabla ya kufika Kalengera, katika nchi ya Bwisha, pale inapochepuka njia ya kwenda Tongo. Njia nzima ina makanisa. Wakatoliki wana parokia zao, Waadventista wana Sabato yao, na Waprotestanti wengine hutajwa kwa namba ya jumuiya yao kama ilivyo desturi ya Kongo: ya tatu ni CBCA, ya tano ni CELPA, ya nane ni CEPAC. Muulize mtu anaposali, atakujibu kwa namba, na mwenyeji haulizi zaidi. Katika msururu huo Mlutheri ni mgeni. Majirani wengi humwona kama mtu aliyeleta dini yake kutoka Tanzania.

Kwa anayezijua tarehe, ugeni huo unashangaza. Wamisionari waliozaa sharika za Kilutheri za Usambara na Bukoba, huko Tanzania, walikaribia Ziwa Kivu mwaka 1907. Wapentekoste wa Uswidi walikuja Uvira mwaka 1921. Misheni ya Unevangelized Africa Mission, iliyotangulia Wabaptisti wa CBCA, ilianza kazi Kivu ya kaskazini mwaka 1928. Kwa hesabu hiyo, Walutheri wangekuwa wakubwa wa nyumba ya Kiprotestanti katika eneo hili. Hawakuwa, na sababu zake hazihusiani sana na mahubiri.

Misheni iliyowatuma wamisionari hao wa 1907 iliundwa Berlin mwaka 1886, ikaanza kazi Dar es Salaam mwaka uliofuata, kisha ikapanda milima ya Usambara. Baadaye ilihamia Bethel, karibu na Bielefeld, chini ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, na tangu hapo watu wakaiita Misheni ya Betheli. Mwaka 1907 Ernst Johanssen, aliyekuwa ameshakaa Usambara miaka mingi, alifika Rwanda pamoja na mwenzake Gerhard Ruccius. Hawakuja peke yao. Walikuwa na Wakristo wa Kishambaa, watu wa Mlalo na vijiji vya jirani, waliozungumza Kiswahili na kujua kazi ya kufundisha. Vitabu vingi vya misheni huwataja watu hao kwa mstari mmoja kama wasaidizi, ingawa wao ndio waliokuwa Waafrika Waprotestanti wa kwanza kuonekana na wenyeji wa nchi ile. Hilo ni kosa la waandishi, wala si la kumbukumbu za wenyeji.

Mwami Yuhi Musinga, mfalme wa Rwanda, aliwapokea Nyanza. Wakatoliki walikuwa wametangulia: Save mwaka 1900, na Nyundo, mwendo mfupi tu kutoka Goma ya leo, mwaka 1901. Betheli walipewa nafasi Dzinga na Kirinda mwaka huohuo wa 1907, wakafungua Rubengera, juu ya ufuo wa mashariki wa Ziwa Kivu, mwaka 1909, na Remera mwaka 1912. Kazi yao ilinyoosha mkono hata kisiwa cha Idjwi. Miongoni mwa wamisionari wa Rwanda alikuwamo Karl Roehl, yuleyule ambaye baadaye alitafsiri Biblia kwa Kiswahili: Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Mtu wa pwani akiisoma leo huona mahali pengi amenyimwa maneno yake ya kila siku, lakini bara ilipata wasomaji wengi.

Kutoka Rubengera hadi Bwisha si mbali kwa mtu aliyezoea kutembea. Watu, ng'ombe, harusi na biashara vilivuka huko na huko bila kumuuliza mtu. Ila mwezi Mei 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikubaliana Brussels jinsi ya kugawana nchi ya volkano. Idjwi ikawa ya Wabelgiji, Bufumbira ikawa ya Waingereza, na Bwisha pamoja na Rutshuru ikabaki Kongo. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa Rwanda kwa kibali cha dola lao, na hawakuwa na mlango wa kuingilia Kongo ya Wabelgiji. Kalengera ikatengwa na njia ya Kilutheri kabla Mlutheri hajafika.

Halafu vita. Majeshi ya Wabelgiji, yaani askari wa Force Publique kutoka Kongo, yaliingia Rwanda mwaka 1916 na kuiteka Kigali mwezi Mei. Wamisionari wa Betheli waliondolewa, na Kirinda na Rubengera zikabaki na waumini wachache na walimu wao. Baada ya vita Wabelgiji walipewa Ruanda-Urundi waitawale, na Mjerumani hakuruhusiwa kurudi. Mwaka 1921 vituo vilikabidhiwa Waprotestanti wa Ubelgiji, watu wa mapokeo ya Kireformati. Kanisa hilo leo ni Kanisa la Presbiteri la Rwanda, EPR.

Ilikuwaje watu waliobatizwa na Betheli wakawa Wapresbiteri bila ghasia? Jibu liko Ulaya. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa 3, aliwaunganisha Walutheri na Wareformati katika kanisa moja mwaka 1817, na Betheli ilitoka katika muungano huo. Johanssen angeweza kukaa meza moja na pande zote mbili. Jina la kanisa lingeamuliwa na atakayekuja baada yake, na Rwanda alikuja Mbelgiji Mreformati.

Tazama sasa Bukoba, ambako Betheli haohao walizaa kanisa lenye jina jingine. Johanssen alifika huko mwaka 1910 akitokea Rwanda, akakuta kazi imeshaanza. Wahaya waliokuwa wamekwenda Buganda walirudi na vitabu vya Injili vya Kiganda, wakasoma pamoja nyumbani, huko Kiziba na Kanyigo, bila mmisionari na mara nyingine bila ridhaa ya wakubwa wa nchi. Vita vilipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, walimu hao na wenzao ndio walioendesha ibada na kufundisha wanaongojea ubatizo. Wamisionari wa Kiwesley kutoka Afrika Kusini walikuja miaka ya 1920 na kutaka kuichukua kazi. Waumini wakagawanyika: wapo waliowakubali, wapo waliotamani kuungana na Waanglikana wa Uganda, na wapo waliosema watawangojea Betheli. Waingereza waliotawala Tanganyika waliwaruhusu Wajerumani kurudi kuanzia mwaka 1925, na Wawesley wakaondoka kabla muongo haujaisha.

Tofauti yote kati ya Kirinda na Bukoba imo humo. Mwingereza alimruhusu Mjerumani arudi, Mbelgiji alikataa. Vita vya pili vilipowafungia tena Wajerumani, waliokuja Bukoba kushika nafasi yao mwaka 1942 walikuwa Waswidi wa Kanisa la Uswidi, Walutheri wenye maaskofu. Mmoja wao, Bengt Sundkler, alirudi baadaye kuwa askofu wa kwanza wa Bukoba mwaka 1961. Mwaka 1964 alimwachia kiti Josiah Kibira, mtoto wa Kanyigo, na mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua Kibira kuwa rais. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mambo yangekwenda vingine kidogo baada ya 1916, huenda kiongozi wa aina hiyo angetokea Rubengera, na Walutheri wa Kivu wangekuwa watoto wa nyumbani.

Upande wa Kongo nafasi ilijazwa na wengine. Inachekesha kidogo kwamba watu wa Skandinavia, nchi za Kilutheri tangu karne ya 16, walikuja Kivu kwa wingi lakini kama Wapentekoste: Waswidi Uvira, Wanorwe Kaziba. Misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigombane, na Rutshuru haikuwekewa Mlutheri. Kisha sheria ya mwisho wa mwaka 1971, siku za Mobutu, ililazimisha kila Mprotestanti aingie chini ya mwavuli wa Kanisa la Kristo, ndiko zilikotoka namba zile za jumuiya. Kanisa jipya bila namba lilikuwa na shida ya kupata hata kiwanja. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kongo lilikua mbali na hapa, upande wa Katanga na Ziwa Tanganyika, na makao yake makuu yako Lubumbashi.

Kwa hiyo Mlutheri na mtu wa Goma walikutana kwanza katika ukimbizi. Wanyarwanda waliokimbia nchi yao kuanzia mwaka 1959 walikuwa wengi Kivu, na vita vya miaka ya mwanzo ya uhuru wa Kongo viliwafanya wasiwe salama tena. Kuanzia mwishoni mwa 1964 watu wapatao 3,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi Tabora, kisha wakapelekwa nyanda za Mwesi, katika mkoa wa Katavi wa leo. Waliokabidhiwa kuwapokea, kupima mashamba, kuchimba visima na kujenga shule walikuwa TCRS, shirika la kuhudumia wakimbizi ambalo Fungamano la Kilutheri lilikuwa limelianzisha Tanganyika mwaka huohuo wa 1964. Wakati huo pia redio ya Sauti ya Injili, iliyorekodi vipindi vya Kiswahili Moshi na kuvirusha kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa stesheni mwaka 1977, ilisikika mahali ambapo mchungaji wa Kilutheri hakuwahi kukanyaga.

Mwaka 1994 njia iligeuka. Mwezi Julai watu karibu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Kambi za Kibumba, Katale na Kahindo zilikuwa kwenye barabara hii hii ya Kalengera. Wakati huohuo, wakimbizi wa zamani waliolelewa Tanzania walikuwa wakirejea Rwanda, na wale waliokuwa wamebatizwa na kupata kipaimara katika sharika za huko ndio walioanzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda. Karibu miaka 90 baada ya Johanssen, Ulutheri ulirudi Rwanda kwa miguu ya waumini wa kawaida, na vitabu vyao vya nyimbo vilikuwa vya Kiswahili.

Historia ya usharika wo wote wa Kilutheri katika Bwisha haina budi kuanzia kwa watu hao, si kwa mmisionari mwenye kofia ya jua. Aliyetafuta kazi Kigoma akarudi na Katekisimo Ndogo, mjane aliyejifunza kuimba kambini, mwalimu aliyesikiliza redio usiku: hao ndio waasisi, hata kama ofisi ya kanisa haina picha zao. Kuandika kwamba Ulutheri wa hapa ni wa Kijerumani ni kupotosha. Wajerumani walizuiwa mpakani mwaka 1910 na kufukuzwa mwaka 1916.

Kumbukumbu zenyewe zinapotea upesi. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya Goma na kuteketeza nyumba pamoja na makaratasi yake. Mapigano ya mwaka 2022 yaliwahamisha watu wa Rutshuru hadi Kanyaruchinya, na anayekimbia na watoto mgongoni habebi daftari la ubatizo. Wazee wa kanisa, pigeni picha kwa simu vyeti vya ubatizo na vya kipaimara vilivyobaki, hasa vilivyoandikwa Mwesi, Ngara, Karagwe na Kigoma. Andikeni nyuma ya kila picha ya zamani majina ya waliosimama humo na mahali ilipopigwa, kisha wekeni nakala zaidi ya mahali pamoja, na moja iwe nje ya Kivu. Anzeni na wale waliopanda ndege ya 1964 wakiwa watoto, kwa sababu leo hao wamepita miaka 60.