Vumbi la Nafaka na Macho ya Mfanyakazi

Msomaji, ukifika Chepkoilel, karibu na Eldoret, katika miezi ya Novemba na Desemba, utaliona wingu la vumbi kabla hujaisikia mashine. Ni vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa. Tumezoea kusema kwamba vumbi hudhuru kifua, na ni kweli. Lakini habari za jicho husahauliwa.

Bibi zetu walipepeta wimbi kwa ungo. Mpepetaji aliupa upepo kisogo, makapi yakaenda zake. Kisha wakaja Makaburu mwaka 1908, na walowezi wengine baada yao, wakalima ngano na mahindi katika mashamba makubwa. Hapo Chepkoilel penyewe, mahali palipo leo Chuo Kikuu cha Eldoret, walowezi walifungua mwaka 1946 chuo cha kuwafunza wakulima wa mashamba ya namna hiyo. Kilimo kikubwa kilitaka mashine, na mashine haimwulizi mtu upepo watoka wapi. Humtaka asimame penye mdomo wake mchana kutwa.

Yafaa ujue kwamba jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700, huko Modena katika Italia, tabibu Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya maradhi ya mafundi na wafanyakazi. Sura moja aliwapa wapepeta nafaka na wapimaji wake, akaeleza kikohozi chao kikavu na macho yao yaliyovimba na kutoka machozi. Tena aliwausia matabibu waongeze swali moja juu ya yale waliyozoea kuwauliza wagonjwa: unafanya kazi gani?

Vumbi la nafaka si udongo mtupu. Limo ganda, limo gunzi lililosagika, wamo wadudu waliokauka, na kuvu pia. Chembe hizi huleta mwasho. Mwenye kuwashwa hufikicha. Na kufikicha huikwaruza konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Mkwaruzo wa kitu cha mmea ni wa hatari kuliko unavyoonekana, kwa maana kuvu waweza kuingia humo na kufanya kidonda, na kidonda kikipona pengine huacha kovu jeupe lisilopitisha nuru vema.

Sheria haikulala. Kenya ilipata sheria ya viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951, na kanuni za kukinga macho mwaka 1978. Lakini mashine ya kupukuchua haina kuta. Huvutwa na trekta kutoka shamba hadi shamba, na vibarua wake hubadilika kila siku. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyotamka wazi kwamba yahusu kila mahali pa kazi, hata pa muda tu. Miwani ya kukinga macho, hata hivyo, mimi sijaiona sana mashambani.

Kwetu yuko mzee aliyesimama penye mdomo wa mashine misimu mitatu. Mara tatu alikwenda zahanati na macho mekundu, mara tatu akapewa dawa ya matone, akarudi kazini. Safari ya nne alimkuta muuguzi kijana.

"Shikamoo, mzee. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Napukuchua mahindi."

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuingia doa jeupe.