Watumishi wa Wagonjwa: Historia Fupi kwa Sikukuu ya Mtakatifu Kamili

Kila Julai 14 Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis, na sisi wauguzi tuliolelewa kikazi na watawa wake tuna deni la kusimulia walikotoka.

Kamili alizaliwa Bucchianico, Italia, Mei 25, 1550, mama yake akiwa na umri mkubwa. Akakua pandikizi la mtu, akafuata nyayo za baba yake: uaskari na kamari. Mwaka 1574 kamari ilimmaliza kabisa mjini Naples. Husimuliwa kwamba hata shati la mwilini lilikwenda. Akaishia kuwa kibarua kwenye ujenzi wa Wakapuchini huko Manfredonia. Februari 2, 1575, akiwa safarini, alishuka ghafla kwenye mnyama aliyempanda, akapiga magoti njiani na kulia kwa toba.

Aliomba kuwa Mkapuchini. Lakini mguuni alikuwa na kidonda sugu, wakamrudisha. Kwangu mimi, Shirika lake zima lilizaliwa kwenye kidonda kile, maana ndicho kilichompeleka Hospitali ya San Giacomo, Roma, kwanza kama mgonjwa, kisha mtumishi, hatimaye msimamizi. Aliijua wodi akiwa amelala kitandani. Aliona watumishi wa kulipwa wakimpita mtu anayeomba maji, na mgonjwa akibebwa kwenda kuzikwa roho haijatoka. Baadaye aliwaagiza wenzake wakae na marehemu na kumwombea kwa muda kabla ya kumfunika uso.

Mwaka 1582, karibu na sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, alipata wazo la kuunda kikundi cha watu wa kuhudumia kwa mapenzi badala ya mshahara. Waliomwitikia walikuwa watano, miongoni mwao Bernardino Norcino na Curzio Lodi. Hospitalini wapo waliokuwa na mashaka, na kijichumba chao cha sala kikabomolewa. Hata Mtakatifu Filipo Neri, muungamishi wake, hakukubali upesi. Hayo yalipita. Tunachokipenda zaidi ni simulizi la msalaba uliotolewa chumbani humo: Kamili alimwona Yesu akiinyosha mikono kutoka mtini na kumtia moyo, kwamba kazi ile ni yake Yeye. Msalaba huo unatunzwa hadi leo katika kanisa la Maria Magdalena, Roma.

Akiwa na miaka zaidi ya 30 aliketi darasani kwa Wajesuiti kujifunza Kilatini pamoja na watoto. Mfadhili aitwaye Fermo Calvi, Mungu amlipe, alimpa fedha za kumwezesha kupata upadre mwaka 1584. Papa Sisto V aliidhinisha kikundi Machi 18, 1586, na mwaka huohuo akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV alikifanya Shirika kamili, lenye nadhiri ya nne: kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha. Haikuwa maneno matupu, kwani ndugu wa kwanza walikuwa wameshafariki wakihudumia wagonjwa wa tauni karibu na Naples.

Krismasi ya 1598 mto Tiber ulifurika hadi Hospitali ya Santo Spirito. Kamili, na mguu wake ule mbovu, alikesha akibeba wagonjwa mgongoni kuwapandisha ghorofani. Alitaka kila mgonjwa alishwe, aoshwe na kutandikiwa kama mama anavyomtunza mwanawe wa pekee.

Shirika lilipokua, palikuwa na mazungumzo marefu juu ya namna ya kuishi ndani ya hospitali. Mwaka 1607 Kamili aliacha uongozi kwa unyenyekevu, akarudi wodini. Alifariki Roma Julai 14, 1614.

Karne zilizofuata zilikuwa na neema na majaribu, hasa serikali za Ulaya zilipofunga nyumba za watawa. Mwaka 1746 Papa Benedikto XIV alimtangaza Kamili kuwa mtakatifu. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimfanya, pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na hospitali. Mwaka 1930 Papa Pius XI aliwafanya wawe wasimamizi wa wauguzi pia. Kwetu Kenya watawa wa Kamili walifika Tabaka, Kisii, kisha Karungu kando ya Ziwa Viktoria, ambako wamelea pia watoto yatima wa UKIMWI. Mwaka 2014 ilikuwa Jubilei ya miaka 400 ya kifo cha mwanzilishi. Leo wako katika nchi zaidi ya 30, na kila anayeweka nadhiri za daima bado hutamka ile ya nne.