Nani Hulipa Ijumaa? Historia ya Uwakala wa Wauguzi Marekani

Mwaka 1879 maktaba ya madaktari mjini Boston ilianza kutunza daftari la wauguzi. Familia yenye mgonjwa ilituma mtu, ikatajiwa muuguzi aliye huru, naye akahamia kwa mgonjwa mpaka homa ishuke au mtu azikwe. Daftari lilimtaja tu. Mshahara ulikuwa shauri lake na familia. Wauguzi walikuwa tele, maana shule za uuguzi za mtindo wa Mwingereza Florence Nightingale, kama ile ya Bellevue, New York, iliyofunguliwa 1873, ziliendesha wodi kwa jasho la wanafunzi. Mwanafunzi akihitimu, hospitali haikuwa na haja naye tena.

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliyapiga pigo madaftari ya aina hiyo. Familia ziliishiwa fedha, na wako wauguzi waliokubali kufanya kazi hospitalini kwa chakula na malazi. Hospitali zikaonja utamu wa muuguzi aliyehitimu. Sheria ya Hill-Burton ya 1946 ilipoleta fedha za kujenga wodi mpya, wauguzi wakawa adimu.

Mwaka huohuo, mjini Detroit, William Russell Kelly alifungua ofisi ya kukodisha makarani. Miaka miwili baadaye kampuni nyingine ya aina hiyo, Manpower, ikazaliwa Milwaukee. Kwangu mimi hapa ndipo historia hii inapogeuka, ingawa hakuna muuguzi hata mmoja aliyehusika. Karani sasa alikuwa mwajiriwa wa wakala, si wa mteja. Wakala ndiye aliyemlipa, akamkata kodi, na akiumia kazini, mzigo ukawa wa wakala. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilipopitishwa 1965 na wazee wakafurika hospitalini, mtindo huo ulikuwa tayari kwa wauguzi. Kampuni inayojulikana leo kama Interim HealthCare ilianza 1966, ikatanuka kwa fransaizi: mtu wa mji fulani analipa ada, anafungua tawi kwa jina la kampuni, na kila mwezi anaitolea fungu la mapato.

Mnunuzi wa tawi hudhani ananunua jina. Jina halimsaidii sana, kwa kuwa meneja wa wauguzi anayetafuta mtu wa zamu ya usiku saa kumi jioni hajali nembo. Anajali nani atapokea simu. Kinachomuua mwenye tawi ni kalenda. Muuguzi hulipwa kila Ijumaa, hospitali hulipa ankara baada ya siku 30, 60, pengine 90. Akipata mkataba mkubwa wa kwanza, badala ya kutajirika anakauka, kwani kila zamu mpya anaigharamia kwa wiki kadhaa kabla hajaona senti. Ndiyo maana baadhi ya kampuni mama hulipa mishahara zenyewe, hukusanya madeni, kisha hugawana faida ghafi na tawi. Ukiniuliza, hiyo ndiyo bidhaa halisi ya fransaizi hizi. Mengine ni mapambo.

Mambo mengine yalikuja kwa kasi. Husimuliwa kwamba muuguzi wa kusafiri, yaani anayepelekwa mji mwingine kwa muda, alianzia New Orleans 1978, hospitali zilipoagiza watu wa kuhimili wiki za sherehe za Mardi Gras; Florida na Arizona nazo zilihitaji mikono kila majira ya baridi, wazee wa kaskazini walipokimbilia jua. Mwaka 1983 Medicare ikaanza kuzilipa hospitali kiasi maalumu kwa kila aina ya ugonjwa. Wagonjwa wakaruhusiwa mapema, na matawi yakapata soko la pili: uuguzi wa nyumbani. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi inayokagua ubora wa hospitali, ilianza kutoa ithibati kwa mawakala, na tangu hapo faili la leseni, chanjo na vyeti vya kila muuguzi likawa kazi nzito kuliko kutafuta wateja.

Korona ikapandisha bei hadi zaidi ya dola 5,000 kwa wiki kwa muuguzi mmoja. Jamaa zetu wengi walioko Minnesota na Texas wanazikumbuka zamu hizo. Bei zilipoporomoka, mawakala waliokuwa wameajiri kwa pupa walipunguza watu. Siku hizi programu za simu humruhusu muuguzi kujichagulia zamu, na baadhi humsajili kama mtu anayejitegemea, si mwajiriwa, sawa na lile daftari la Boston. Kuhusu hilo, Wizara ya Kazi ya Marekani imeshawapeleka mawakala mahakamani.