Udi, Tiorbo na Nyatiti: Nani Ampishe Nani

Aliyekulia Rau, kando ya mji wa Moshi, amezoea muziki usioomba nafasi. Matarumbeta ya usharika, yaliyoletwa mlimani na misheni ya Kijerumani, hupigwa uwanjani, harusini na makaburini, na migomba haiyazuii. Uzi uliodonolewa kwa kidole au kwa risha hauna uwezo huo. Husema mara moja, kisha hufifia, na yeyote mwenye upinde au mvukuto anaweza kuufunika kabla haujamaliza neno lake. Namna uzi huo unavyopata kusikika kati ya wenzake wenye nguvu ni jambo ambalo kila jamii imelitafutia njia yake.

Waitalia wa mwishoni mwa karne ya 16 walibadilisha chombo chenyewe. Walitaka sauti moja ya mwimbaji isindikizwe na kitu chenye kina, wakarefusha shingo ya luti, ala ya nyuzi za kudonolewa, hadi ikawa tiorbo, ambayo pia waliiita kitaroni. Urefu huo ulileta shida: nyuzi mbili za juu, zilizotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, zingekatika kama zingekazwa kwa kiwango cha kawaida. Basi zikashushwa oktava nzima. Shida ikawa faida, kwa sababu sauti yote ya tiorbo ilikusanyika chini ya mwimbaji na chini ya fidla, mahali ambapo wagombea ni wachache. Tiorbo ya nyuzi 14 huwa na 6 zinazokandamizwa kwa vidole vya kushoto, na 8 nzito zinazoning'inia huru kwenye shingo ya pili, kila moja ikipigwa wazi na kuvuma kwa muda mrefu. Mtunzi Monteverdi aliitaka katika opera yake Orfeo, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607. Mwaka huohuo Agostino Agazzari, akiandika Siena, aligawa ala za kusindikiza katika makundi mawili, zile za msingi na zile za mapambo, na tiorbo akaiweka katika yote mawili.

Udi ni wa ukoo huohuo, tena ndio mkubwa: luti ya Ulaya ilizaliwa kutokana nao. Umbo la tumbo halidanganyi. Lakini udi ulibaki na shingo fupi isiyo na vigawanyo, na katika taarab ya Unguja haukai chini ya wenzake. Hufuata wimbo uleule unaofuatwa na fidla na kanuni, kila mmoja akiupamba kwa mkono wake. Mpiga tiorbo husikika kwa kuwa anafanya jambo ambalo wengine hawalifanyi, ilhali mpiga udi anafanya jambo lilelile na bado atambulike. Silaha yake ni risha. Mpigo wake una ncha kali ambayo sikio huinasa kabla fidla haijatanda, na anapotaka noti idumu huitetemesha risha juu na chini mfululizo.

Katika kundi dogo hilo latosha. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na wenzake, wapigaji walikuwa wachache na udi haukuwa na wa kumwogopa. Hali ilibadilika pale vikundi kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958, vilipokuwa okestra kamili kwa mfano wa Misri: safu ya fidla, kodiani, besi, dumbaki. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya zamu. Katika taksimu wengine hunyamaza na udi huzungumza peke yake, na mwisho wa ubeti huachiwa upenyo wa kujibu. Cairo nako Mohamed el-Qasabgi alikaa na udi wake katika okestra ya mwimbaji Umm Kulthum, licha ya wingi wa fidla, hadi alipofariki mwaka 1966.

Umbali nao una neno. Silvius Leopold Weiss, mpiga luti wa Dresden, alieleza mwaka 1723 kwamba tiorbo inayopigwa kwa kucha hukwaruza masikio ya aliye karibu. Mpigaji anayetafuta utamu kitini pake huenda asiwafikie walio nyuma ya ukumbi. Kwa udi pia, risha ikisogezwa karibu na daraja sauti hukauka, ila hupenya.

Wajaluo wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawakungoja kupishwa na mtu. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda, ala ya nyuzi 8 ikiwa imelala ubavuni. Kidoleni mwa mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ukingo wa ala. Mguuni pia kuna njuga, gara. Pete na njuga ndizo ngoma zake, amekuja nazo mwenyewe, nazo humpimia kiasi ambacho nyuzi zinaweza kukibeba.

Okestra za Ulaya zilipozidi kukua katika karne ya 18, tiorbo iliachwa. Katika taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilikalia kiti cha udi. Tiorbo na udi zote zimerudi, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kinafundisha udi. Wapiga tiorbo wa leo huomba kukaa mbele, karibu na mwimbaji, na mpiga cello hupunguza uzito wa upinde. Visiwani mara nyingi hutegemewa maikrofoni. Sina ugomvi nayo, ila maikrofoni ya udi huichukua na kodiani iliyo jirani, kisha fundi mitambo hupandisha vyote viwili pamoja. Ningeanza kwa kuhamisha kiti cha kodiani, na kumwomba mpigaji wake aufunge mvukuto mwimbaji anapovuta pumzi, ili jibu la kwanza liwe la risha.