Nani alichora? Swali la ng'ambo ya ziwa linalohusu Uvira pia

Familia nyingi za Kivu ya Kusini zilizovuka ziwa mwaka 1996 na kupokelewa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, zinaijua nembo ya Tanzania: bwana na bibi wamesimama juu ya Kilimanjaro, ngao katikati. Lakini aliyeichora ni nani?

Mwezi wa Mei 2017, mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, alitangazwa katika habari akiishi kwa shida Buguruni, Dar es Salaam. Alisema mchoro ule ni kazi ya mkono wake. Kabla mwezi haujaisha, akafariki. Wengine wanamtaja Jeremiah Kabati. Ubishi wa namna hiyo hauishi kwa maneno. Unaishia penye karatasi inayosema nani alipewa kazi, kwa njia gani, na kwa malipo gani. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kongo ina sheria juu ya jambo hilo, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Inasema tenda ya serikali itangazwe wazi na watu washindane. Kupatana na mtu mmoja tu bila ushindani ni kwa nafasi chache, kama vile dharura kubwa. Kwa kazi za akili, kama kuchora ramani ya daraja, bei peke yake haitoshi. Ujuzi nao unapimwa. Anayeona ameonewa anaweza kulalamika.

Shida ni kwamba Uvira haikosi dharura. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Baada ya msiba kama huo, kila kitu ni haraka: daraja, mifereji, kuta za kuzuia maji. Hapo ndipo ruhusa ya dharura inaweza kugeuka desturi.

Haraka haizuii kuandika. Ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ofisi ya mtaa: mchoraji ni nani, nani alimchagua na kwa sababu gani, amelipwa kiasi gani. Ukuta ukianguka, aliyelala chini yake ajue pa kuuliza. Na mchoraji akizeeka, jina lake libaki kwenye kazi yake.