Faraja Iliyo Ndani ya Dhiki

Wahenga walisema, "Baada ya dhiki, faraja." Neno hili ni jema, nasi twalitumia kila tuendapo kuwapa pole waliofiwa, au wale ambao mvua imewanyima mavuno. Lakini twaona ya kuwa Wakristo wengi wamelifanya kuwa kipimo cha sala. Mtu huugua, akafungua Zaburi, akaomba. Akipona husema, "Neno la Mungu ni kweli." Asipopona, jirani zake hunong'ona ya kwamba imani yake ilikuwa haba.

Mzee mmoja wa kanisa aliyemzika mwanawe alituuliza hivi, tulipokuwa tumeketi naye matangani: "Walimu, nilisoma Zaburi kando ya kitanda usiku kucha, na alfajiri mtoto akafa. Je, nilisoma vibaya?" Hatukuwa na jibu la haraka, basi tulinyamaza pamoja naye. Lakini tangu siku ile tumezidi kuifikiri habari moja ya kale, ya mtu aliyesoma Zaburi katika kifungo chake, naye hakufunguliwa. Twataka kuisimulia leo, maana ndani yake twaona jambo la kumfaa mzee yule, na la kutufaa sisi sote.

Mtu huyo ni James Hannington, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1847. Mara ya kwanza alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1882, akashika njia ya Unguja na bara, akakusudia kwenda Buganda. Homa na kuhara damu vilimshinda upande wa kusini wa ziwa la Nyanza, akarudi kwao mwaka 1883, akiwa amekonda kama ukuti. Wengi walidhani hatarudi tena. Lakini alipona, na mwezi wa Juni 1884 akawekwa kuwa askofu, naye mwanzo wa mwaka 1885 akafika Mombasa. Huko alikuta wazee na vijana waliokuwa wameokolewa katika utumwa, wakikaa Freretown na Rabai, na mwaka huo huo akawapa daraja ya ushemasi walimu wawili Waafrika, Ishmael Semler na William Jones.

Twaomba msomaji alishike jina hilo la Jones, maana tutalirudia. Yeye alitekwa angali mtoto, akauzwa, akaokolewa baharini, akalelewa na kusomeshwa katika nchi ya Hindi, kisha akarudi pwani kuwa mwalimu. Basi askofu alipokusudia kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, iliyo fupi kuliko ile ya zamani, alimchukua Jones awe mwenzake. Waliondoka Rabai mwezi wa Julai 1885, na msafara wa wapagazi wapata 200. Walipita Taita, Ukambani na Ukikuyu, wakaona njaa na kiu na vitisho vingi, hata mwezi wa Oktoba wakafika kwa Sundu, mahali paitwapo sasa Mumias.

Hapo askofu aliugawa msafara. Jones alibaki na watu wengi, na askofu akatangulia na watu 50, tarehe 12 Oktoba. Hakujua ya kuwa mlango anaouendea ulikuwa umefungwa. Buganda palikuwa na kabaka mpya, Mwanga, kijana aliyetawala tangu mwaka 1884. Watu wake walikuwa na neno la tangu kale, ya kwamba watakaoila nchi watatoka upande wa mashariki, kwa njia ya Busoga. Tena habari zilikuwa zimefika ya kuwa Wadachi wanajitwalia nchi huko pwani. Hofu ilikuwa kubwa. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu Wakristo walikwisha kuuawa kwa moto. Alexander Mackay na wenzake waliokuwa Buganda walijaribu kumwonya askofu, lakini onyo lao halikumfikia kwa wakati.

Tarehe 21 Oktoba alifika kwa Luba, mtawala mmoja wa Busoga aliyekuwa chini ya kabaka. Huko alikamatwa kwa ghafula, akaburutwa, akapigwa, akatiwa katika kibanda. Luba akapeleka wajumbe kwa Mwanga kuuliza afanyweje, na kifungo kikaendelea siku nane. Habari zake twazijua kwa maandiko yake mwenyewe, maana alikuwa na kitabu kidogo cha kuandikia mambo ya kila siku, na kitabu hicho kilikombolewa baada ya kifo chake.

Ndugu zetu, tukisikia habari za watakatifu twapenda kuwafikiri kama watu wa jiwe, wasioumwa wala kuogopa. Kitabu kile hakimwonyeshi hivyo. Chaonyesha mtu aliyeumwa mwili mzima kwa kuburutwa, aliyelala mahali pachafu penye panya na chawa, ambaye walinzi wake walilewa na kupiga kelele usiku kucha. Watu walimjia makundi kwa makundi kumtazama, kama atazamwavyo mnyama aliyenaswa. Homa ikampata, hata akili zikampotea kwa muda. Aliandika waziwazi ya kuwa amevunjika na kushuka moyo. Alimwomba Mungu amhurumie na kumfungua. Hakuona haya kuyaandika hayo.

Na katikati ya hayo alisoma Maandiko. Siku ya kukamatwa, alipokuwa akikokotwa, aliimba wimbo wa kumtumaini Yesu. Tarehe 28 aliandika ya kuwa amefarijiwa kwa kusoma Zaburi ya 27, ile ya mtu aliyezungukwa na adui, lakini anamngojea Bwana. Tarehe 29 aliandika ya kuwa hana habari yo yote, lakini Zaburi ya 30 imemshika na kumtegemeza kwa nguvu nyingi. Kisha akaandika juu ya fisi aliyelia karibu naye usiku, kwa kunusa mgonjwa, naye akatumaini ya kuwa mnyama yule hatampata bado.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho katika kitabu chake. Siku ile ile alitolewa nje, akauawa. Na wale wapagazi waliofuatana naye, wengi wao watu wa pwani, waliuawa pamoja naye, ila wachache mno waliopona na kukimbia. Tusiwasahau hao. Wao hawakuacha vitabu, lakini walikuwa na mama zao, na wake, na watoto waliowangojea kule pwani.

Sasa na tuifikiri Zaburi ile ya 30. Ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupandishwa kutoka shimoni, ambaye kilio chake cha usiku kiligeuka furaha asubuhi. Askofu aliisoma asubuhi, na kabla ya siku kwisha alikuwa maiti. Mwenye kuzipima sala kwa kipimo kile cha jirani zetu atasema, "Zaburi ilimdanganya." Lakini yeye mwenyewe hakuandika ya kuwa Zaburi imemwahidi kutoka kibandani. Aliandika ya kuwa imemshika. Kushikwa si kufunguliwa. Mtoto avukaye mto begani kwa baba yake bado yu katikati ya maji, na maji bado yana nguvu, lakini ameshikwa. Faraja ya askofu haikungoja dhiki ipite, bali ilimjia akiwa ndani yake. Ilimtosha kwa siku moja, akaweza kuandika, na kuomba, wala asikate tamaa. Tena tumaini la kufufuliwa, alilolishika kila Mkristo aliye mfuasi wa Bwana aliyetoka kaburini, laifanya asubuhi ya Zaburi ile kuwa ndefu kuliko asubuhi ya siku ile.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo tuipendayo zaidi. Jones alikuwa angali kwa Sundu, akingoja. Mwezi wa Novemba wachache waliopona walimfikia, wakamwambia yaliyotokea. Alingoja bado, asije akawaacha nyuma wengine waliopona. Mwisho alijua hakuna wa kumngojea tena, ndipo akageuza njia, akauongoza msafara wenye njaa na huzuni, akauleta Rabai mwezi wa Februari 1886. Watu walipotoka kuwalaki waliona mbele ya msafara bendera ya buluu, na juu yake limeshonwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi.

Wasomaji wa kitabu cha kwanza cha Samweli wanalijua jina hilo, katika mlango wa 4. Ni jina alilopewa mtoto na mama yake aliyekuwa akifa, siku aliposikia ya kuwa sanduku la agano limetwaliwa, na baba mkwe wake na mume wake wamekufa. Maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Mama yule hakufarijiwa. Waliosimama karibu walimwambia asiogope kwa kuwa amezaa mwana, lakini hakuwajibu.

Basi tazameni, ndugu. Jones hakuchagua neno la ushindi. Hakuandika Zaburi ya 30. Alitafuta katika Biblia neno la kumfaa mtu aliyerudi bila mkubwa wake na bila rafiki zake, akaliona, maana limo. Maandiko yale yale yaliyompa askofu Zaburi ya kumtegemeza, yalimpa shemasi neno la kulilia. Naye alilishona mahali ambapo watu wote wataliona, kisha akatembea chini yake mamia ya maili. Hatuoni ya kuwa imani yake ilikuwa haba. Mtu anayelia kwa maneno ya Mungu hajamwacha Mungu.

Tena Jones hakukaa chini ya bendera ile siku zote. Alirudi kazini Rabai, akawapokea watumwa watoro waliokimbilia huko kutoka kwa bwana zao, ingawa jambo hilo lilileta hatari na ugomvi mwingi. Tarehe 1 Januari 1889 watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni walipewa hati za uhuru wao. Na mifupa ya askofu ilichukuliwa baadaye, ikazikwa Namirembe mwisho wa mwaka 1892. Lakini hatusemi ya kuwa hayo yalilipa kifo cha wale waliouawa. Mambo ya Mungu si duka, hata tuhesabu hasara na faida.

Tulirudi kwa yule mzee, tukamsimulia habari hii kama tulivyoiandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ile Zaburi ya 30 ni ile aliyoisoma yeye. Tukafungua kitabu, ikawa siyo. Yake ilikuwa ya 23. Akasema, "Basi nilipokuwa nikisoma, mtoto alinishika kidole mpaka akalala. Hakulia." Tukamwambia, "Hukusoma vibaya, baba."

Basi, wasomaji wetu, mtakapokwenda kwa mwenye dhiki, msimwambie ya kuwa akiomba sana jambo litaondoka. Hamjui. Msihesabu imani yake, wala msimkataze kulia. Someni pamoja naye. Ikiwa yuko tayari kwa Zaburi ya 30, isomeni. Ikiwa moyo wake wote ni Ikabodi, someni hiyo, mketi naye. Mwenye kushika wote wawili ni Bwana mmoja.