Nusu zimekufa, ao zote zimechoka?

Wandugu, siku ya kudefandre memwari yangu ya agronomia nilikuwa na jibu la kila kitu, isipokuwa swali moja. Nilikuwa nimepima linamaraze, ile enzimi inayovunja linamarini wakati tunalowesha muhogo, mpaka sumu ya sianidi inatoka. Nilipopasha moto, nguvu ikashuka nusu. Nikaandika: "Joto limedhoofisha enzimi." Prof mmoja akaniuliza: "Zote zimechoka nusu, ao nusu zimekufa na zingine ziko nzima?" Nikanyamaza.

Kumbe swali hilo liko na historia.

Mwaka 1913, kule Berlin, Leonor Michaelis na mama Maud Menten walipima invertaze na wakatuachia ile formile tunayokariri sisi wote. Lakini mu tube moja muko mabilioni ya molekuli. Unachopima ni wastani tu. Ni sawa kujua kilo za shamba zima bila kujua ni shina gani lilizaa na gani halikuzaa.

Mwaka 1961, Boris Rotman akatafuta kupima molekuli moja moja. Alichukua beta-galaktosidaze, akaichanganya na maji mengi sana, akaipuliza sawa vile tunapuliza dawa ku shamba, ikawa matone madogo sana ndani ya mafuta ya silikoni. Tone moja lilipata molekuli moja, mengine hayakupata kitu. Ndani alitia kitu kinachowaka mwanga enzimi ikikikata. Akangojea masaa mengi, kisha akapima mwanga ku mikroskopu. Na alipopasha enzimi moto? Zilizobaki zilitumika na nguvu yao yote. Zingine zilikufa kabisa.

Njo vile mlango ulifunguka. Mwaka 1997, kule Japani, Hiroyuki Noji na wenzake walibandika uzi wa aktini ku F1-ATPaze moja, wakaona uzi unazunguka. Paul Boyer alikuwa amesema zamani kwamba inazunguka. Mwaka 1998, kule Marekani, kikundi cha Sunney Xie kiliangalia kolesteroli oksidaze moja ikiwaka na kuzimika kila inapotumika, na mwendo wake haukuwa mmoja: mara mbio, mara polepole.

Linamaraze si beta-galaktosidaze, kwa hiyo deni langu kwa yule prof liko palepale. Lakini leo siwezi tena kuandika "imedhoofika" bila kujiuliza: nani amedhoofika?

Na wewe, wastani wa memwari yako unaficha nini?